Serikali Inapobadilika, Harakati za Wanawake Hubaki Vipi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila baada ya uchaguzi, mapinduzi au hata badiliko dogo la baraza la mawaziri. Nimeyajibu kwa kufuata yale ambayo historia ya nchi mbalimbali imetuonyesha, na pale nilipo na msimamo wangu nimeusema bila kuuficha. Mwenye haraka aanze na swali la tatu na la tano. Uzito wa jambo uko huko.

1. Tunaposema "harakati za wanawake" tunamaanisha shirika fulani?

Hapana. Shirika lina cheti cha usajili, ofisi na muhuri. Harakati ni wanawake wengi wanaodai jambo lilelile kwa muda mrefu. Baadhi yao wamo kwenye mashirika, wengine kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, vyama vya wafanyakazi, makanisa na misikiti, na wapo wasio na kadi ya chochote.

Tofauti hii ina uzito kuliko inavyoonekana. Cheti kinaweza kufutwa kwa barua moja. Wanawake mia tatu wanaofahamiana kwa majina hawafutwi kwa barua. Tanzania, Baraza la Wanawake, BAWATA, lilisimamishwa mwaka 1996 na kufutiwa usajili 1997 kwa madai kwamba lilikuwa linaendesha siasa, na kesi yake ikakaa mahakamani zaidi ya miaka kumi. Kama harakati nzima ingekuwa imefungwa ndani ya cheti kile, tungekuwa tunasimulia msiba. Lakini madai yaliendelea kupitia vyama vingine: mwaka 1998 ikapitishwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, na mwaka 1999 sheria za ardhi zilizompa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Chama kilizuiwa, dai likapita mlango mwingine.

2. Kwa nini serikali ikibadilika tu, mambo yetu huyumba?

Kwa sababu sehemu kubwa ya kazi huwa imesimama juu ya watu, wala si juu ya taratibu. Mkurugenzi aliyekuwa akipokea simu zenu amehamishwa. Waziri aliyeahidi kuwasilisha muswada hayupo tena. Waraka uliowapa nafuu umefutwa na waraka mwingine. Fungu lililokuwa kwenye bajeti limepelekwa kwingine. Hakuna hata mmoja aliyetangaza vita nanyi, ila mnaanza upya kujieleza kwa mtu asiyewajua.

Ndiyo maana vikundi vyenye uzoefu huandika barua kwa ofisi, si kwa mtu, na hubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala ile ni kumbukumbu ambayo afisa mpya hawezi kuikana.

3. Ipi hatari zaidi: serikali inayotupinga au inayotukumbatia?

Watu wengi hudhani jibu liko wazi. Kwa usalama wa mwili, bila shaka, serikali inayopinga ndiyo ya kuogopwa: inapiga, inafunga, inaua. Lakini kwa uhai wa harakati yenyewe, nimefikia kuamini kwamba serikali rafiki imezidhoofisha harakati nyingi kuliko serikali adui. Naomba nieleze kwa mifano, kwa sababu jambo hili husemwa mara chache.

Tazama Misri. Mwaka 1951 Doria Shafik aliongoza wanawake wapatao 1,500 kuingia kwenye jengo la bunge kudai haki ya kupiga kura. Mwaka 1954 akagoma kula kwa ajili ya dai hilohilo. Mwaka 1956, chini ya Gamal Abdel Nasser, katiba mpya ikawapa wanawake kura. Ushindi? Ndiyo, na wa haki kabisa. Lakini katika miaka hiyohiyo vyama huru vya wanawake vilifungwa au kugeuzwa kuwa vya hisani tu, na mwaka 1957 Doria Shafik, alipoupinga utawala wa mtu mmoja, akawekwa kizuizini nyumbani kwake na magazeti yake yakafungwa. Dola ilitoa kura kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ikaichukua sauti iliyoidai.

Kenya ina somo la aina nyingine. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 chini ya serikali ya kikoloni, ikaendelea baada ya uhuru na kuwa na vikundi hadi vijijini. Mwaka 1987 ikaunganishwa na chama tawala na hata jina likabadilika kuwa KANU-Maendeleo ya Wanawake. Vyama vingi viliporudi mwishoni mwa 1991, ilibidi ijitenge tena na kuanza kujieleza upya. Shirika lililodumu chini ya mkoloni na chini ya uhuru lilijikuta limefungwa kamba kwenye mguu wa chama kimoja, na chama kilipoyumba likayumba nacho.

Afrika Kusini ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa pale hapakuwa na hila. Mwaka 1992 wanawake wa vyama vyote na wasio na vyama waliunda Muungano wa Taifa wa Wanawake, wakakusanya madai kutoka kila pembe ya nchi na kuyaandika katika hati ya mwaka 1994. Kisha uchaguzi ukaja, na viongozi bora wa muungano wakaingia bungeni na serikalini. Zaidi ya robo ya wabunge wakawa wanawake, mahali ambapo kabla ya hapo walihesabika kwa vidole. Nani angewalaumu? Lakini nje ya bunge viti vilibaki vitupu, na muungano ule haukurudia tena nguvu yake. Waliofunguliwa mlango walipita wote pamoja, na hakuna aliyebaki kuushika.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Serikali rafiki ni msala upitao. Shirikianeni nayo, chukueni kila linalopatikana, ila mkeka wenu msiukunje.

4. Mikutano ikipigwa marufuku, wanawake hufanya nini?

Hufanya mkutano usioonekana kuwa mkutano.

Tarehe 30 Aprili 1977, Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, wanawake kumi na wanne walikutana kwenye uwanja wa Plaza de Mayo, mbele ya ikulu, wakiuliza walipo watoto wao waliochukuliwa na utawala wa kijeshi. Mikusanyiko ilikuwa imekatazwa. Polisi wakawaamuru wasisimame pale, watembee. Basi wakatembea. Wakashikana mikono wawili wawili, wakaanza kuuzunguka mnara ulio katikati ya uwanja, polepole, wakitii amri neno kwa neno. Wiki iliyofuata wakarudi, kisha wakaichagua Alhamisi, na nyingine ikafuata, na nyingine. Ili watambuane katika umati walijifunga kichwani kitambaa cheupe, na vitambaa vya mwanzo vilikuwa nepi, zile walizowavisha watoto waliokuwa sasa wanawatafuta.

Wasomaji huuliza kama watu wale hawakuogopa. Waliogopa, na walikuwa na sababu. Desemba 1977 mwanzilishi wao, Azucena Villaflor, alitekwa. Mifupa yake ilitambuliwa mwaka 2005. Kabla yake, siku mbili tu, alichukuliwa mwenzake, Esther Ballestrino. Binti yake Esther alikuwa ameshaachiliwa akiwa hai na kupelekwa nje ya nchi, kwa hiyo mama huyu angeweza kumfuata na kukaa salama. Alirudi uwanjani kwa ajili ya watoto wa wenzake. Kila ninapofika hapo huwa nasimama kidogo kabla ya kuendelea.

Njia nyingine ni kujificha ndani ya kazi ambayo hakuna anayeitilia shaka. Mjini Herat, Afghanistan, wakati wa utawala wa kwanza wa Taliban, 1996 hadi 2001, wanawake walienda kwenye darasa la ushonaji wakiwa na vitambaa na mikasi kwenye mikoba. Chini ya vitambaa kulikuwa na daftari na kalamu, na ndani ya chumba mwalimu alifundisha fasihi. Tangu Agosti 2021, utawala uleule uliporudi na wasichana wakafungiwa sekondari, masomo ya siri majumbani yamerudi pia, na wanaoyaendesha hawaanzi kutoka sifuri.

Na mara nyingine njia ni kutumia heshima ambayo jamii humpa mama. Mwaka 1992, Nairobi, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park wakigoma kula, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi walikuja na virungu na mabomu ya machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari, jambo ambalo kwa mila ni laana nzito kwa kijana anayemwona mama yake hivyo. Walipofukuzwa bustanini wakahamia kanisa kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, mpaka watoto wao wengi wakaachiwa.

Ukiyaangalia yote matatu kuna kitu kimoja kinachofanana: ratiba. Alhamisi ile, darasa lile, kanisa lile. Seoul nako, kila Jumatano tangu Januari 1992, manusura wa utumwa wa ngono uliofanywa na jeshi la Japani na wanaowaunga mkono wamekuwa wakisimama mbele ya ubalozi wa Japani. Mkutano wa elfu moja ulifanyika Desemba 2011. Marais wa Korea Kusini wamekuja na kuondoka, Jumatano ikabaki. Mtu akijua siku na mahali, hahitaji kupigiwa simu, na serikali ikikata simu haijakata mkutano.

5. Fedha zitoke wapi ili tusiyumbishwe?

Kwanza kutoka kwenu wenyewe, hata kama ni kidogo mpaka mnaona aibu kukitaja.

Mfano ninaoupenda ni wa Ahmedabad, India. Mwaka 1972 Ela Bhatt na wanawake wafanya biashara ndogondogo, wachukuzi na washonaji wa majumbani walianzisha chama chao, SEWA, chini ya mwavuli wa chama kikubwa cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Mabenki hayakuwataka. Mwaka 1974 wanawake 4,000 wakatoa rupia kumi kila mmoja, wakafungua benki yao ya ushirika. Wengi hawakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo benki ilimtambua mteja kwa picha yake.

Sasa angalia fedha ile ilivyokuja kusaidia. Mwaka 1981 chama mama kiliwafukuza SEWA baada ya wao kusimama upande wa Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa, wakati wa machafuko. Kikundi kinachoishi kwa hisani ya mlezi kingekufa wiki hiyohiyo. Wao walikuwa na benki, wanachama na ada. Wakatoka na kuendelea, na leo wanachama wao wanahesabika kwa mamilioni.

Wafadhili wa nje sina neno baya juu yao kwa ujumla. Wamelipia mawakili, nyumba salama na mafunzo ambayo ada isingeweza. Hatari zao ni mbili. Mradi una mwisho, na harakati haina. Na serikali isiyowapenda ikitunga sheria ya kubana fedha za nje, mnakatwa pumzi kwa kifungu kimoja. Kanuni ninayoitumia ni hii: kodi ya chumba cha mikutano, nauli ya mwenyekiti na simu za dharura zilipwe na ada. Mafunzo na machapisho yanaweza kulipwa na mfadhili. Akiondoka, mtakosa machapisho lakini mtakutana.

Mweka hazina asome hesabu mbele ya wote kila kikao. Serikali yoyote inayotafuta sababu ya kuwafunga huanzia kwenye fedha.

6. Mwenzetu akigombea ubunge au akiteuliwa, ametusaliti?

Hapana. Tunahitaji watu ndani. Sudan, Umoja wa Wanawake ulianzishwa 1952, na mwaka 1965 mmoja wa viongozi wake, Fatima Ahmed Ibrahim, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni. Umoja haukufunga duka kwa sababu yeye amepata kiti. Ulipopigwa marufuku chini ya Jaafar Nimeiri mwaka 1971 ulikuwa na matawi, na matawi hayo ndiyo yaliyoendelea kwa siri.

Swali la kujiuliza ni nani anabaki. Kabla mwenyekiti hajaapishwa, awe amekabidhi ofisi kwa mwingine kwa maandishi, na huyo mwingine awe huru kumkosoa hadharani. Mbunge aliyetoka kwenu ambaye hamuwezi kumkosoa ni mbunge wa chama chake, hata kama mnampenda.

Kuhusu viti maalum: vinasaidia idadi, lakini anayeteuliwa na chama hujibu kwa chama. Msimtarajie ayabebe yasiyobebeka.

7. Sheria imeshapita. Si tupumzike sasa?

Natamani ningejibu ndiyo.

Iran ilikuwa na Sheria ya Ulinzi wa Familia tangu 1967, iliyompa mwanamke nafuu katika talaka na malezi. Utawala mpya ulipoingia Februari 1979, sheria hiyo ilisimamishwa ndani ya wiki chache, na tarehe 8 Machi 1979 wanawake kwa maelfu walikuwa mitaani Tehran wakipinga amri ya kufunika kichwa. Iliyotolewa kutoka juu iliondolewa kutoka juu.

Hata sheria iliyoandikwa kwenye katiba inaweza kubaki karatasi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Miswada ya kutekeleza jambo hilo ikakwama bungeni mara baada ya mara, chini ya mabunge tofauti, mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais avunje bunge kwa kushindwa kutimiza katiba. Bunge halikuvunjwa.

Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi alifungua kesi, akashinda Mahakama Kuu 2016, serikali ikakata rufaa, akashinda tena Mahakama ya Rufani Oktoba 2019. Mahakama ilikuwa imeipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Waliosherehekea siku ya hukumu na kwenda nyumbani walikosea hesabu: hukumu inahitaji kufuatiliwa kama mkopo. Na wasichana waliopata ujauzito wakiwa shuleni waliruhusiwa kurudi darasani Novemba 2021, miaka minne baada ya rais aliyetangulia kusema hadharani kwamba hawatarudi. Nilifurahi kama wengine. Lakini ruhusa iliyokuja kwa waraka inaweza kuondoka kwa waraka, kwa hiyo dai la kuiweka kwenye sheria lilipaswa kuanza siku ileile ya furaha.

8. Tumegawanyika makundi mawili. Ndiyo mwisho wetu?

Si lazima. Akina mama wa Plaza de Mayo waligawanyika mwaka 1986, miaka mitatu baada ya demokrasia kurudi, wakitofautiana juu ya uongozi, juu ya ukaribu na serikali ya kiraia, na kama wakubali kufukua na kutambua mifupa. Yalikuwa maumivu makubwa. Makundi yote mawili yaliendelea kutembea uwanjani kila Alhamisi. Serikali ya kiraia ikapitisha sheria za kuwakinga wanajeshi, na iliyofuata ikawasamehe majenerali. Wakaendelea kutembea. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Argentina ikazibatilisha sheria zile, na kesi zikafunguliwa tena.

Mgawanyiko unaoua ni ule ambapo kundi moja linapeleka siri za jingine serikalini. Huo hauna dawa ninayoijua. Mwingine wowote unavumilika, mradi kila kundi lijue siku gani yatasimama pamoja.

9. Tunaambiwa haya ni mambo ya kuiga kutoka nje. Tujibuje?

Kwa historia, na kwa upole. Mwaka 1929 maelfu ya wanawake wa Waigbo na jirani zao, kusini-mashariki mwa Nigeria, waliinuka dhidi ya kodi na machifu waliowekwa na Waingereza; zaidi ya 50 waliuawa kwa risasi. Hakuna aliyewatuma. Tanganyika, Bibi Titi Mohamed alijaza mikutano ya TANU kwa kupitia vikundi vya ngoma na vya lelemama, mitandao ya wanawake iliyokuwepo kabla ya chama chochote. Anayesema harakati zimeletwa aulize kwanza bibi yake alikuwa mwanachama wa kikundi gani.

10. Vita vikizuka, bado kuna harakati?

Mara nyingi ndizo zinazobaki zikifanya kazi. Liberia, mwaka 2003, wanawake Wakristo na Waislamu wakiwa na fulana nyeupe walikaa siku baada ya siku kwenye uwanja karibu na soko la samaki mjini Monrovia, kando ya barabara ambayo msafara wa rais, Charles Taylor, ulikuwa ukipita. Mazungumzo ya amani yalipokwama Accra, kiongozi wao Leymah Gbowee na wenzake wakaketi mlangoni pa ukumbi, wakashikana mikono na kuwazuia wajumbe wasitoke. Mkataba ulisainiwa Agosti. Wengine wangeishia hapo. Wao walikwenda masokoni kuwaandikisha wanawake wapiga kura, na uchaguzi wa 2005 ukampa urais mwanamke, Ellen Johnson Sirleaf.

Sudan ni jeraha ambalo bado liko wazi. Wanawake walikuwa mstari wa mbele wa maandamano yaliyomwondoa rais Omar al-Bashir Aprili 2019, na mwishoni mwa mwaka huo sheria iliyowachapa viboko kwa mavazi ikafutwa. Oktoba 2021 jeshi likapindua, na tangu Aprili 2023 nchi imo vitani. Wanawake walewale wa kamati za mitaa ndio wengi wanaopika kwenye majiko ya pamoja na kuwaficha walionusurika ubakaji. Asiite hiyo kazi ya huruma tu. Ni harakati ileile ikiwa imevaa aproni.

11. Kikundi chetu kimekaa kimya miaka mingi. Kimekufa?

Chile ilikuwa na vuguvugu kubwa lililoanza miaka ya 1930. Wanawake wakapata kura kamili mwaka 1949, na muda mfupi baadaye vuguvugu likanyamaza kiasi kwamba wanahistoria walikiita kipindi hicho ukimya. Ukimya ulidumu takriban miaka thelathini. Kisha, chini ya udikteta wa Pinochet, ambapo ungetarajia kila mtu ajifiche, wanawake wakajitokeza mwaka 1983 na dai la demokrasia nchini na demokrasia nyumbani.

Kilichowezesha hilo si miujiza. Palikuwa na wazee waliokumbuka, na palikuwa na karatasi zilizotunzwa. Kama mna vyote viwili, mmelala. Kama hamna hata kimoja, anzeni leo kumrekodi bibi aliyebaki.

12. Vijana hawaji kwenye mikutano. Tufanyeje?

Waulizeni mnawapa kazi gani. Kijana anayeitwa kupanga viti na kugawa maji atakuja mara mbili. Mpeni ufunguo wa ofisi, mpeni akaunti ya mtandao wa kikundi, mwacheni akosee jambo dogo bila kumwumbua. Mabibi wa Plaza de Mayo, kikundi kingine cha Argentina kilichotafuta wajukuu walioibwa wakiwa wachanga, walipoona umri umewaelemea, wajukuu waliowapata wameingia wenyewe kwenye uongozi wa kazi.

Na kumbukumbu ihifadhiwe mahali panapoonekana. Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971 kwa kesi ya uhaini, akaachiliwa 1972, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa sana. Leo kuna barabara kubwa Dar es Salaam yenye jina lake. Kila anayepanda daladala kupita pale anaweza kuulizwa: unamjua huyu ni nani? Hapo mazungumzo yameshaanza.

13. Wanaume wana nafasi?

Wanayo. Washike watoto siku ya mkutano, wasaini, watoe ushahidi, wapige kura. Uongozi waachieni wenye dai.

14. Serikali mpya imeapishwa wiki hii. Tuanze na lipi?

Fanyeni kikao chenu cha kawaida siku yake ya kawaida. Msikiahirishe ili kusubiri kuona upepo. Wanachama wakiona kikao kimeahirishwa mara moja kwa hofu, mara ya pili hawatauliza sababu.

Kwenye kikao hicho orodhesheni kila mlilopata chini ya serikali iliyopita na mwandike pembeni limesimama juu ya nini: katiba, sheria, waraka, au neno la mtu. Yale ya waraka na ya neno ndiyo ya kukimbilia kwanza.

Tengenezeni nakala za kumbukumbu za vikao na za hesabu, zikae nyumba mbili tofauti. Orodha ya majina na simu za wanachama ni jambo jingine kabisa. Kama kuna dalili za msako, msiiache ofisini wala kwenye simu ya mtu mmoja. Kila mwenye cheo ataje mtu wa pili atakayeshika nafasi yake asipoonekana kwa siku tatu.

Kisha andikeni barua ya kujitambulisha kwa ofisi husika, fupi, yenye dai moja na nakala za barua za zamani zilizogongwa muhuri. Wawili waipeleke kwa mkono, wasubiri mpaka ipokelewe. Na kabla kikao hakijafungwa, katibu asome tarehe, saa na mahali pa kikao kijacho, wote wakiandika.